Siku tatu bila sauti kutoka Guangzhou

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nauza nguo za watoto Mwanza. Kwa miaka saba nimekuwa nikichukua mzigo Kariakoo kwa watu wanaouleta kutoka China, na kila nikipiga hesabu naona faida kubwa inabaki kwao. Mwaka huu nikasema basi, nitaenda mwenyewe. Baba watoto alikubali, tukakusanya mtaji, nikapata viza, na mwishoni mwa Aprili nikapanda ndege kwenda Guangzhou kuwahi maonyesho ya biashara ya Canton. Peke yangu. Sijawahi kuvuka mpaka mwingine zaidi ya Uganda.

Kabla ya kuondoka nilijiunga bando kubwa la mwezi, nikajiona nimejipanga. Tulipotua, saa nne usiku ya kule, simu ikaandika hakuna huduma. Nikazima, nikawasha, wapi. Nikajaribu Wi-Fi ya uwanja, ikataka namba ya simu ya China ili initumie namba ya uthibitisho. Jina na anuani ya hoteli vilikuwa kwenye barua pepe, na barua pepe haifunguki. Nilikumbuka jina la hoteli kwa Kiingereza tu, na dereva wa teksi alinitazama kama namsimulia ndoto. Shangazi, nilikaa kwenye benchi na begi langu na dola zangu kiunoni nikaanza kulia, nikasema kwa sauti, "Ee Mungu wangu, nitafanyaje mimi?" Mama mmoja aliyekuwa anasukuma mizigo akasimama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Weye ni wa wapi, mama?" Ni Mkongo wa Lubumbashi, anafanya biashara kule. Alinichukua hadi Xiaobei wanakokaa Waafrika wengi, akanitafutia chumba. Kesho yake nilinunua laini ya China, lakini WhatsApp haikufungua hata hivyo, na namba ya baba watoto sikuwa nayo kichwani! Iko kwenye simu, na laini yangu ya Tanzania niliichomoa ili kuweka ile mpya, majina yote yakaondoka nayo. Siku ya tatu kijana mmoja akanisaidia, WhatsApp ikafunguka.

Huku nyumbani siku hizo tatu ilikuwa msiba. Mama mkwe aliita watu wa maombi. Baba watoto akaandika kwenye magrupu, "Mke wangu yuko China hapatikani, mwenye taarifa apige namba hii." Siku ya pili akapigiwa na mtu aliyesema yuko na mimi, nimekamatwa uhamiaji, inatakiwa hela ya kunitoa. Akatuma shilingi 800,000. Ilikuwa ada ya mtoto.

Nilipopatikana alitaka nimtumie mahali nilipo muda wote. Nilikuwa Pazhou ndani ya maonyesho, nikamtumia, na nukta ikaonekana katikati ya mto. Akapiga simu anatetemeka, akidhani nimetupwa majini.

Mzigo ulifika salama na umelipa kuliko nilivyotarajia. Nataka kurudi awamu ya Oktoba. Yeye anasema siendi tena peke yangu. Ama niende na mdogo wake, ambaye nauli na chakula chake vitakula robo ya mtaji, ama niwashe ile ya kuonyesha nilipo asubuhi hadi usiku na nipokee kila simu. Mama mkwe anasema mwanamke mwenye adabu angekuwa ameshaelewa. Nifanye nini ili simu isiniangushe tena? Na je, nina haki ya kukataa kufuatwa kwa nukta siku nzima?

Mama Wawili, Mwanza

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa benchi lile la uwanja wa ndege, na umpelekee pole yangu baba watoto. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma wewe, mara ya pili nikamwonea yeye, na mara ya tatu nikaona kwamba nyote wawili mnagombana na simu, kumbe kilichowaumiza ni kitu ambacho hamkukizungumza kabla hujaondoka: mkinyamaziana, ule ukimya utakuwa na maana gani?

Fikiria. Kama ungemwambia, "Saa 24 za kwanza usinitegemee hewani, nikinyamaza mpaka kesho kutwa, piga namba hii ya hoteli," asingeandika kwenye magrupu siku ya kwanza. Na asingeandika, yule tapeli asingejua kwamba kuna mwanaume Mwanza ambaye mke wake yuko China hapatikani. Zile 800,000 hazikuchukuliwa kwa sababu mtandao ulikatika. Zilichukuliwa kwa sababu mwanaume mwenye mapenzi alikuwa gizani, hana karatasi hata moja mkononi ya kumwambia aanzie wapi. Hapo, mwanangu, una deni lako, na ulilipe kwa kukiri mbele yake kabla hujadai chochote. Ulimwachia watoto na duka, hukumwachia hata jina la hoteli.

Sasa tuingie kwenye simu yenyewe, maana China si Uganda, na mengi yaliyokupata yana sababu unazoweza kuzishughulikia ukiwa Mwanza.

Bando ulilojiunga ni la ndani ya nchi. Ukivuka mpaka linalala. Ili laini yako ifanye kazi nje lazima huduma ya romingi iwe imefunguliwa, na mitandao mingi huifungua kwa urahisi ukiwa bado nyumbani; ukishatua huna huduma, utaomba kwa njia gani? Nenda dukani kwao mapema. Uliza mambo matatu: romingi iko wazi kwa China, bando lake la nje ni kiasi gani, na kupokea simu ukiwa kule kunakatwa bei gani, kwa sababu ukiwa nje hata anayekupigia anakugharimu wewe. Ujumbe mfupi unaoingia kwa kawaida haukatwi. Weka vocha ya kutosha kabla ya kuondoka.

Na hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulijua baada ya kuumia. China imefunga Google na Gmail tangu 2014, Facebook tangu 2009, na WhatsApp tangu 2017. Ukinunua laini ya kule, unaingia kwenye intaneti yao, na hizo zote hazifunguki. Wi-Fi ya hoteli nayo ni ile ile. Lakini ukitumia data ya romingi ya laini yako ya Tanzania, mawasiliano yako huzunguka na kurudi kupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp inafunguka kama uko Nyakato. Ni ghali, ndiyo. Basi nunua bando dogo la romingi kwa ajili ya saa 24 za kwanza na kwa ajili ya ujumbe wa kila siku, siyo kwa video. Zima picha na video kujipakua zenyewe kwenye WhatsApp, zima kuhifadhi nakala, zima programu kujisasisha. Vitu hivyo ndivyo vinavyomaliza salio la mtu akiwa amelala.

Kijana aliyekufungulia WhatsApp siku ya tatu nadhani alikuwekea VPN, programu ya kupenya kizuizi cha intaneti. Wengi wanazitumia. Lakini sheria ya kule inaruhusu zile zilizoidhinishwa tu, na hata zinazofanya kazi leo huzimika kesho. Safari ya mama mwenye mtaji wa familia kiunoni usiisimamishe juu ya kitu kama hicho.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni nyepesi: mwekee baba watoto WeChat, ile programu ya Wachina inayofanana na WhatsApp. Yeye, siyo wewe tu. WeChat inafanya kazi China na inafanya kazi Mwanza, kwa Wi-Fi yoyote, kwa laini yoyote, ujumbe, sauti na picha. Mngekuwa nayo wote wawili Aprili, usiku ule ungempigia ukiwa Xiaobei kwa Wi-Fi ya chumba, bila kutumia senti. Anza sasa, usingoje Oktoba, kwa sababu akaunti mpya ya WeChat mara nyingi hutaka mtu mwenye akaunti ya zamani aichanganue alama yake ya QR kumthibitisha mgeni. Kariakoo wako tele. Mwombe mmoja wa wale uliokuwa unanunua kwao. Mzungumze biashara na watoto humo. Maneno ya siasa yaacheni, mazungumzo ya WeChat yanatazamwa.

Halafu laini yako ya Tanzania. Usiichomoe tena! Simu nyingi tunazotumia zina nafasi ya laini mbili. Angalia yako, na kama ni ya laini moja badilisha kabla ya safari. Laini ya nyumbani ikae nafasi ya kwanza, data ikiwa imezimwa wakati hutumii lile bando. Laini ya China ikae ya pili, ndiyo ya data. Kuna sababu kubwa kuliko majina yaliyopotea. Benki yako ikitaka kuthibitisha malipo, namba ya uthibitisho inakuja kwenye laini ya Tanzania. Ukiipoteza Guangzhou, huwezi kuirudisha kule, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama ya kidole na wakala anakitaka kidole chenyewe. Utakaa na kadi ya benki isiyokubali kulipa. Majina nayo yahamishie kwenye akaunti ya simu, yasibaki kwenye kadi ya laini. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba kwa sababu imeona laini mpya, jibu hapana.

Laini ya China utanunua kwa pasipoti, na tangu Desemba 2019 wanapiga na picha ya uso ndipo waisajili. Inunue duka rasmi la mtandao, siyo kwa mtu wa mlangoni anayekupa iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Ukiwa nayo utaweza kupokea zile namba za uthibitisho ambazo Wi-Fi za kule huziomba.

Pesa. Sijui kama ulilipa kila kitu kwa taslimu, lakini kwa maneno yako, "dola zangu kiunoni", naona hivyo. Tangu 2023 Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, na WeChat zinakubali mgeni kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard, na 2024 kiwango cha malipo ya mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada, yakizidi hapo ni asilimia 3. Kwa hiyo chakula, maji, treni ya mjini na teksi, lipia kwa simu. Mzigo mkubwa malizana na muuzaji na wakala kama mlivyokubaliana, usitoe asilimia 3 ya kontena. Unganisha kadi ukiwa nyumbani, ambako namba ya uthibitisho inaingia bila shida, na uwaambie benki unasafiri wasije wakaifunga kadi wakidhani imeibwa. Ndani ya hiyo hiyo Alipay kuna Didi ya kuitia teksi, ina Kiingereza. Unaandika unakokwenda, dereva anapata maelekezo kwa Kichina, na hutalazimika tena kumsimulia mtu ndoto.

Lakini teksi ya kwanza, ile ya usiku wa kutua, iandalie karatasi. Narudia, karatasi. Jina la hoteli, anuani na namba ya simu, vyote kwa herufi za Kichina. Waombe hoteli wakutumie, chapisha nakala mbili, moja kwenye pochi na moja kwenye begi. Picha yake iweke ndani ya simu, siyo kwenye barua pepe. Mimi nilijifunza hili Dubai miaka mingi iliyopita, simu yangu ilipokufa chaji Deira wakati wa magharibi na kila jengo likawa linafanana na jenzake. Nilizunguka saa mbili nikitafuta hoteli ambayo jina lake lilikuwa limefungiwa ndani ya simu iliyozimika. Tangu siku hiyo, jambo lolote ambalo siwezi kulikosa usiku ninaliandika kwa kalamu. Namba ya baba watoto, namba ya ndugu mmoja, namba ya wakala, namba ya pasipoti, namba ya ubalozi. Na ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI) unayoipata ukibonyeza *#06#, ambayo wengi tuliijua mwaka 2016 TCRA ilipozima simu feki. Ukiibiwa, polisi wataitaka. Na ya mumeo ikariri. Namba kumi tu, mwanangu. Iimbe ukiosha vyombo.

Jambo jingine la karatasi ni kitabu cha oda. WeChat haihifadhi mazungumzo yako kwenye seva ili uyarudishe baadaye; simu ikipotea, bei, picha za sampuli na ahadi zote za muuzaji zimekwenda nazo. Kila jioni piga skrinishoti za mazungumzo ya biashara umtumie baba watoto, na kila advansi uliyotoa iandike kwa mkono pamoja na namba ya kibanda. Hilo litampa naye kazi ya kufanya, atajua safari inaendaje. Muuzaji akikuandikia ghafla kwamba akaunti ya malipo imebadilika, usilipe mpaka umefika kibandani au umeongea naye uso kwa uso kwa video.

Chaji ni fupi. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, za kwao ni za pini bapa, mbili au tatu. Umeme ni volti 220, hautaunguza kitu, unahitaji adapta tu. Pawabanki ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini, na isizidi wati-saa (Wh) 100. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, inatosha siku nzima ya kuzunguka. Ila kama utapanda ndege ya ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 wanakataa pawabanki isiyo na alama yao ya usalama ya 3C. Ukifika nunua ya kule, au panda treni.

Sasa ile nukta majini. Hili nataka umsomee baba watoto neno kwa neno, kwa sababu alitetemeka bure na hakuna aliyemweleza. Ramani za China kwa amri ya serikali yao huchorwa kwa vipimo vilivyosogezwa makusudi, mfumo unaoitwa GCJ-02. Simu yako inasoma mahali ulipo kwa setilaiti kwa vipimo vya dunia nzima, halafu ramani ya Google inaweka nukta hiyo juu ya mchoro uliosogezwa, na tofauti inaweza kufika mita mia kadhaa. Ukumbi wa maonyesho wa Pazhou uko ukingoni mwa mto Zhujiang. Sogeza mtu mita mia chache kutoka pale, umemweka majini. Ulikuwa umesimama ukumbini mbele ya fulana za watoto.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la pili ni hili: una haki ya kukataa nukta ya siku nzima, na ukatae kwa upole. Haitamwambia ukweli. WhatsApp yenyewe inaonyesha ulipo kwa saa nane tu kwa mara moja, kisha inazima, na kila ikizima Mwanza patawaka moto. Inakula data ya romingi na inakula chaji, na chaji ikiisha ndipo utakapokuwa hatarini kweli. Kupokea kila simu ukiwa mbele ya muuzaji kutakuharibia bei, na mwanamke anayetembea mji wa kigeni macho kwenye simu ndiye mwepesi kuporwa. Na kuna jambo la ndoa humo ambalo sitalizunguka: umefanya biashara miaka saba, umeleta mzigo salama, hustahili kulindwa kama mzigo. Lakini usimwambie hivyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza mwambie pole ya siku tatu zile.

Badala ya nukta, mpe saa. China iko mbele yetu saa tano. Ukiamka Guangzhou saa moja asubuhi, Mwanza ni saa nane ya usiku. Ukimpigia muda huo utamwamsha na moyo wake utapasuka kabla hajapokea. Acha ujumbe tu: nimeamka salama, leo naenda soko fulani. Jioni ukiwa umerudi chumbani saa mbili usiku, kwake ni saa tisa alasiri, watoto wanatoka shule. Hiyo ndiyo saa ya kuongea, dakika ishirini, na wao wakuone. Ujumbe mmoja asubuhi, simu moja jioni. Ukipanda teksi usiku, hapo mtumie ulipo kwa saa moja.

Kisha mkubaliane ukimya. Simu ya jioni ikikosekana, asubiri hadi asubuhi ya kwako, kwa sababu betri hufa na Wi-Fi hukatika. Asubuhi ikipita bila ujumbe, apige hoteli. Simu za mezani za Guangzhou ukipiga kutoka huku huanza na +86 20, na aulize kama mgeni wa chumba fulani yupo. Hoteli inawajua wageni wake, maana sheria inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 na hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo. Hoteli ikikosa jibu, apige kwa wakala wako. Wakala akikosa jibu, ndipo ubalozi. Magrupu, hapana. Wewe ukiwa kule uwe na 110 ya polisi na 120 ya gari la wagonjwa.

Na muwe na neno lenu. Mtu yeyote atakayepiga au kuandika kwamba uko naye, umekamatwa, umelazwa, umeibiwa, aulizwe neno hilo. Lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa harusi, hayo yako Facebook. Liwe kitu mnachokijua nyinyi tu, jina la mbuzi wa bibi yako, kwa mfano. Hata sauti ikifanana na yako aulize, maana siku hizi sauti inaigizwa. Sisi ambao kila wiki tunapokea "ile hela nitumie kwenye namba hii" tunaijua lugha ya matapeli, lakini mtu akiwa na hofu anaisahau yote. Kama bado anazo zile namba na risiti za muamala, azipeleke polisi na kwa mtandao wake, hata kama imepita miezi. Na mtu yeyote nyumbani asimcheke kwa kutuma. Alituma kwa sababu alidhani anakukomboa.

Kuhusu mdogo wake, nauli yake ukiipiga hesabu mbele ya baba watoto kwa daftari la duka, nadhani daftari litaongea lenyewe. Kama bado moyo wake mzito, kuna njia ya kati: wako wafanyabiashara wanaosafiri kwa kundi kwenda maonyesho, kila mtu na mtaji wake. Ungana nao kwa ndege na kwa hoteli, mchana kila mtu soko lake. Mama mkwe msalimie, mpelekee kitenge, na awe wa kwanza kuongea nawe kwenye simu ya jioni. Akikuona kwa macho yake kila siku, ataacha kuita watu wa maombi usiku.

Nguo za watoto ziko awamu ya tatu ya maonyesho ya vuli, 31 Oktoba hadi 4 Novemba, kwa hiyo WeChat na romingi vishughulikie mapema Septemba. Karatasi ya nyumbani iandikeni pamoja, wewe na yeye, mezani, kwa mwandiko wake ili asiitafute siku ya shida. Hoteli iwe namba ya kwanza. Na yule mama wa Lubumbashi, kama bado unawasiliana naye, muombe ruhusa, kisha jina lake liandikeni la pili.

Shangazi